Daftari Dogo na Daftari Kubwa

Karibu na mji wa Tabora, mwendo usiozidi saa mbili kwa miguu, pana mahali paitwapo Kwihara. Hapo pana tembe yenye kuta nene za udongo, iliyojengwa upya kwa mfano wa ile iliyokuwapo zamani, na wageni huja kuitazama. Katika tembe ile ya zamani Daktari David Livingstone alikaa tangu mwezi wa Februari hata Agosti, mwaka 1872, na siku zake nyingi za hapo zilikuwa siku za kungoja wapagazi kutoka pwani. Zamani hizo reli haikuwapo. Njia ilikuwa ile ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Maelfu ya watu waliipita njia hiyo, wengine wakichukua nguo na shanga, wengine pembe za ndovu, na wengine wamefungwa minyororo kwa kuwa ni watumwa. Wengi katika hao hatujui hata majina yao. Habari za wachache zimebaki kwa kuwa ziliandikwa, na hizo zilizobaki zaweza kumfundisha mwanafunzi kazi moja ambayo wengi huifanya vibaya, yaani kusoma na kuandika kumbukumbu za yale aliyoyasoma.

Maana shida ya msafiri na shida ya mwanafunzi ni moja. Mambo ni mengi, kichwa ni kimoja, na kesho yatakuja mengine.

Livingstone alikuwa na desturi ya kuchukua daftari za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa daftari ndogo ya kutiwa mfukoni. Humo aliandika pale pale njiani, mara kwa kalamu ya risasi, mara kwa wino: jina la mto, upande unakokwenda maji, jina la mtawala wa nchi, mvua ya siku ile, neno alilolisikia kwa wenyeji. Aliandika kwa maneno machache sana, maana mtu aliyesimama penye kivuko, na wapagazi wanamngoja, hana nafasi ya kupanga sentensi nzuri. Ya pili ilikuwa daftari kubwa yenye jalada la ngozi, na kufuli yake na ufunguo wake. Hii ilikaa sandukuni. Msafara ulipopumzika siku nyingi mahali pamoja, aliifungua, akaweka daftari ndogo mbele yake, akayaandika tena mambo yale kwa utaratibu na kwa sentensi kamili.

Mtu aweza kuuliza, Kwa nini ajichoshe kwa kuandika mara mbili? Sababu ni kwamba kila daftari lina kazi yake. Dogo hulinda jambo lisipotee. Kubwa hulinda maana yake isipotee. Mwanafunzi amsikilizaye mwalimu akitaka kuandika kila neno, atakuwa bado anamaliza neno la kumi hali mwalimu amefika neno la hamsini, na hayo arobaini yaliyo katikati hatayapata kamwe. Basi na aandike kwa mkato. Lakini maneno ya mkato yana hatari yake. Leo akiandika “T. 3, njia, M.” anajua maana yake vizuri, baada ya juma mbili atayatazama kama mtu atazamaye nyayo za mnyama asiyemjua. Kwa hiyo jioni ya siku ile ile, kabla ya kulala, na afungue daftari lake kubwa, akayaandike kwa sentensi timamu, madhali kumbukumbu ingali mbichi. Robo saa yatosha. Akiahirisha mpaka Jumamosi, saa nzima haitatosha.

Hayo ni juu ya kusikiliza. Kusoma kitabu kuna namna yake, na hapa yafaa kutoa mfano. Tuseme wanafunzi wawili wamepewa kusoma maneno haya:

“Kabla ya reli kujengwa, bidhaa za pwani zilizokwenda Tabora zilichukuliwa na wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi mwenye nguvu aliweza kuchukua mzigo wa frasila mbili, nazo ni kama kilo 32. Mwaka 1871 Henry Stanley alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi, akafika Unyanyembe mwezi wa Juni. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo kazi ya upagazi katika njia ile ikaenda ikipungua.”

Mwanafunzi wa kwanza ni mwenye bidii. Aliweka kitabu wazi upande wa kushoto na daftari upande wa kulia, akanakili yote, tangu neno la kwanza hata la mwisho, kwa mwandiko mzuri. Alipoulizwa reli ilifika Tabora mwaka gani, akafungua daftari atafute. Jicho lake lilifanya kazi, na mkono wake ulifanya kazi, lakini maneno yalipita kichwani mwake kama msafara upitao usiku kijijini, na wenyeji wamelala.

Mwanafunzi wa pili alisoma mara ya kwanza bila kushika kalamu, apate kujua tu maneno haya ni ya habari gani. Alikuta neno “frasila,” asijue ni nini, lakini hakusimama. Aliliwekea alama akilini akaendelea, na mbele kidogo akaona kwamba kitabu chenyewe kimelieleza. (Ndivyo ilivyo mara nyingi. Asimamaye kwa kila neno geni huchoka kabla ya kufika palipo na maelezo.) Akasoma mara ya pili, polepole. Kisha akafunga kitabu, akajiambia kwa sauti ndogo yale aliyoyashika, ndipo akaandika:

Wapagazi: wengi Wanyamwezi. Mzigo frasila 2 = kilo 32 hivi.
Bagamoyo mpaka Unyanyembe: Stanley, 1871, Machi–Juni, miezi 3 hivi.
Reli: Tabora 1912, Kigoma 1914. Upagazi ukapungua.
Swali langu: wapagazi walifanya kazi gani baadaye?

Baada ya kuandika alifungua kitabu tena akalinganisha. Aliona kwamba ameandika mwaka wa Kigoma 1915, akausahihisha kuwa 1914. Kosa hilo ndilo lililomfaa kuliko yote, kwa maana mwaka ule hatausahau tena. Angaliandika huku kitabu ki wazi, asingalikosea, wala asingalijifunza.

Ule mstari wa mwisho wautaka uangalifu. Kitabu hakikuuliza swali lile. Aliuliza mwanafunzi mwenyewe. Kwa hiyo akaandika “Swali langu,” ili siku nyingine asije akadhani kwamba ni maneno ya kitabu. Mtu aandikapo kumbukumbu, yampasa kutenga mambo matatu: lililosemwa na kitabu, lililosemwa na watu, na analolifikiri mwenyewe. Yakichanganywa, hakuna awezaye kuyatenganisha baadaye, hata mwandishi mwenyewe. Wala alama na maswali hayo yasiandikwe katika kitabu cha shule, kwa kuwa mwakani kitasomwa na mtoto mwingine, naye ana haki ya kukikuta safi.

Kusoma mara mbili kusionekane kuwa kazi ya wajinga. Livingstone aliandika kwamba alipokuwa katika nchi ya Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Kweli, hakuwa na vitabu vingine vya kutosha huko. Lakini ni mtu aliyekuwa ameisoma tangu utoto wake, naye akaona bado yapo ya kusomwa.

Huko Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, ndiko yalikotokea mambo yaonyeshayo daftari dogo lina thamani gani. Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, na karatasi zake zilikuwa zimekwisha. Wino pia ulikuwa umekwisha. Asikubali kuacha kuandika. Alichukua magazeti makuukuu ya London yaliyomfikia, akayageuza upande, akaandika juu ya maandishi ya chapa, mistari yake ikiikata mistari ya gazeti. Kwa wino alitumia maji ya rangi yaliyokamuliwa katika mmea wa nchi ile.

Tarehe 15 Julai, mwaka ule, ilikuwa siku ya soko hapo Nyangwe. Watu wengi sana walikuja, na wengi wao wanawake, waliovuka mto kwa mitumbwi na vyakula vyao vya kuuza. Wakaingia watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanya biashara waliokaa hapo. Ikatokea kugombea bei ya kuku. Mara bunduki zikalia. Watu wakakimbilia mtoni, mitumbwi ikajaa mno ikazama, wengine wakajitupa majini, nao waliokuwa ukingoni wakazidi kupigwa risasi. Wenye bunduki wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake, naye aliyaandika juu ya gazeti lile kuukuu.

Kisha akarudi Ujiji, na hapo Stanley akamkuta. Wakaja pamoja mpaka Kwihara, na tarehe 14 Machi, mwaka 1872, Stanley akashika njia ya pwani, akichukua barua, pamoja na daftari kubwa lililofungwa na kutiwa lakiri ili apewe binti yake Livingstone. Habari za Nyangwe zikachapishwa Uingereza, watu wakazisoma, na zikawa mojawapo ya mambo yaliyoihimiza serikali yao kumshurutisha Sultani Barghash. Mwezi wa Juni, mwaka 1873, soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Zile karatasi za gazeti hazikutupwa. Lakini wino wa mmea ulififia, hata baada ya miaka mingi ikawa shida kubwa kuusoma, maana jicho liliona maandishi ya chapa tu. Wataalamu wakazipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa jicho la mtu, wakatumia kompyuta kuutenga wino na chapa, na mwaka 2011 wakayatangaza maneno yaliyokuwa yamefichwa. Walipoyalinganisha na yale aliyoyaandika Livingstone baadaye katika daftari kubwa, waliona kwamba si sawasawa mahali pote. Baadhi ya maneno juu ya watu wa msafara wake mwenyewe yalikuwa yamepunguzwa au kubadilishwa. Mtu akiandika mara ya pili huwa amekwisha kufikiri watu watasemaje. Mara ya kwanza huandika alichokiona. Basi mwanafunzi asilichane daftari dogo kwa kuwa amekwisha kulinakili vizuri. Siku atakapotia shaka neno la daftari kubwa, ataliuliza dogo.

Neno jingine ni tarehe. Hakuna jambo dogo kuliko kuandika tarehe juu ya ukurasa, na hakuna lisahauliwalo zaidi. Katika kitabu chake Stanley anasema alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba, mwaka 1871. Ukitazama daftari la Livingstone, siku zake hazilingani na hizo. Wote wawili walikuwa wameugua homa njiani, na mgonjwa aliyelala siku nyingi hupotewa na hesabu. Wataalamu wangali wakishindana hata leo juu ya siku ya mkutano ule, ambao ulikuwa mkutano mashuhuri kuliko yote ya njia ya misafara. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora, naye ameacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, zilizochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Ni habari nzuri sana, zina majina ya watu na maneno waliyoambiana, lakini tarehe ni chache mno, hata wasomaji huona taabu kujua lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Mwanafunzi na aandike siku, mwezi na mwaka. Na akinakili katika kitabu, aandike jina la kitabu na ukurasa. Hapo ataweza kurudi.

Amebaki mtu mmoja ambaye jina lake halijulikani kama yastahilivyo. Tarehe 25 Agosti, mwaka 1872, wapagazi aliopelekewa na Stanley walipokwisha kufika, Livingstone aliondoka Kwihara kwa safari yake ya mwisho. Mmoja katika hao aliitwa Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, aliyechukuliwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akafundishwa kusoma na kuandika katika shule ya misheni karibu na Nasik, katika Bara Hindi. Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, mwanzo wa mwezi wa Mei, mwaka 1873, watu wake walikuwa na hofu. Mali za marehemu zilikuwa mikononi mwao, na pwani ni mbali. Je, wakiambiwa kwamba wameiba, watajibu nini? Basi wakakusanyika wote, masanduku yakafunguliwa mbele ya macho ya wote, na Jacob akaandika kila kitu kilichomo.

Orodha ile yafaa itazamwe na kila mwanafunzi. Aliandika fedha kidogo iliyomo, na kofia, na saa moja, na dira moja. Alipofika penye vyombo vya kupimia, vingine hakuvijua majina. Hakubuni jina, wala hakuviruka. Aliandika hesabu yake, na kwamba ni chombo cha kupimia cha namna nyingine. Akapita kwa kinachofuata. Asomaye leo anajua vilikuwa vingapi, anajua vilikuwa vya kupimia, na anajua kwamba mwandishi hakujua zaidi ya hapo. Kumbukumbu ya namna hiyo yaaminika. Mwanafunzi mwingine, aonapo jambo asilolifahamu kitabuni, huandika neno lolote linalofanana nalo ili mstari usikae wazi, na kosa lile hukaa daftarini mwake mpaka siku ya mtihani, likimngoja.

Jacob ndiye pia aliyechonga maandishi juu ya mti mkubwa wa mvula mahali moyo wa Livingstone ulipozikwa. Hata hapo pana jambo la tarehe: mtini aliandika 4 Mei, hali kitabu kilichochapishwa Uingereza kinasema Livingstone alikufa 1 Mei. Kisha wakauchukua mwili, wakaenda nao miezi mingi. Walipokaribia Unyanyembe walisikia kwamba Wazungu wapo mjini, na Jacob akaandika barua kuwapa habari. Chuma akatangulia nayo. Mwezi wa Oktoba, mwaka 1873, barua ile ikafika Kwihara mikononi mwa Luteni Cameron, aliyekuwa amelala katika tembe lile lile akiugua homa. Hivyo ndivyo habari ya kufa kwake ilivyoingia Tabora, kwa mkono wa mtu aliyekuwa mtumwa.

Mwili uliletwa Bagamoyo, ukavushwa, ukazikwa London tarehe 18 Aprili, mwaka 1874, na Jacob alikuwapo. Daftari zikapewa Padre Horace Waller azitengeneze ziwe kitabu. Aliona taabu. Maneno mengine yalikuwa ya mkato mno, na mwenyewe aliyeyaandika hayupo tena wa kuulizwa. Mwaka ule ule Abdullah Susi na James Chuma, waliofuatana na Livingstone miaka mingi, wakapelekwa Uingereza, wakakaa pamoja na Waller. Alisoma mstari, akawauliza mto huu ni upi, mtu huyu ni nani, hapa mlilala siku ngapi; nao wakamweleza, kwa kuwa walikuwapo. Kitabu kikatoka kabla ya mwaka kwisha.

Jacob naye alikuwa na daftari lake mwenyewe, ambamo aliandika habari za safari ile na za kufa kwa Livingstone, nalo halikupotea. Baadaye alirudi Afrika, akafanya kazi na wamisheni, akafa mwaka 1892 huko Urambo, magharibi ya Tabora.